Grbl na DM542: mota zinakaza zikisimama, zinalegea zikiamriwa kusogea

ruta_ya_mbao

Habari za kazi wakuu.

Mashine ni ruta ya mbao, meza ya 1200 × 800 mm. Kontrola ni Arduino Uno yenye Grbl 1.1 (programu inayogeuza amri za kusogea kuwa pulsi za mota), inapata umeme wa USB kutoka kwenye laptopu. Draiva ni DM542 nne (X moja, Y mbili zinazopokea pulsi moja, Z moja), mota ni za stepa, NEMA 23 za ampea 3, pawa saplai ni ya volti 36. Mihimili yote ina bolskrubu 1605. Z imebeba spindo ya 2.2 kW.

Nyaya: PUL+ (pulsi), DIR+ (mwelekeo) na ENA+ (kuwasha au kuzima draiva) za draiva zote ziko kwenye volti 5 ya Arduino. ENA− zote nne zimekutana kwenye D8. Mipangilio: $1=25 (milisekunde za kusubiri kabla ya kuachia mota), $4=0 (ishara ya ENA haijageuzwa), mikrostepu 8 (kila hatua kamili imegawanywa mara 8), $100=320 (pulsi kwa mm).

Hali ilivyo ni hii. Mashine ikiwa imetulia, mota zimekaza, huwezi kuzungusha skrubu kwa mkono. Nikituma amri ya kusogea zinalegea, pulsi zinasikika kwenye kontrola ila hakuna kinachosogea. Amri ikiisha zinakaza tena.

Nikichomoa ENA zote, mashine inakata vizuri. Ila mota zinachemka hata zikiwa hazina kazi, na umeme ukikatika ukarudi, sifuri ya X na Y inahama kidogo, chini ya 0.1 mm, ingawa hakuna aliyegusa mashine. Z yenyewe inateremka hadi chini kila umeme ukikatika.

Naomba kuelewa mambo matatu: ENA iunganishwe vipi, nafasi inapoteaje, na nikibadilisha Z kuwa servo (mota inayopimwa nafasi yake) ya 400 W yenye breki, chini ya LinuxCNC (programu ya CNC ya kompyuta) na kadi ya Mesa 7i76E inayotoa pulsi, utaratibu wa kuwasha na kuzima uweje ili Z isianguke.

---

optokapla

Mkuu, draiva zako ni nzima. Grbl na DM542 zinasoma volti ileile kwa maana mbili tofauti.

Ndani ya DM542, ENA+ na ENA− ni miguu ya LED ya optokapla (kifaa kinachopitisha ishara kwa mwanga). Mkondo ukipita, LED inawaka na draiva inaiachia mota. Mkondo usipopita, draiva inashika. Ndiyo maana ukichomoa nyaya zote mashine inafanya kazi. Kwa draiva hizi, mkondo kwenye ENA unazima, hauwashi.

Grbl kwa $4=0 inashusha D8 hadi volti 0 inapotaka mota zishike, na inaipandisha hadi volti 5 inapotaka zilegee. Imepangwa hivyo kwa ajili ya chipu kama A4988 na DRV8825, ambazo EN yake huwasha ikiwa volti 0. Sasa fuata waya wako: ENA+ iko volti 5, D8 imeshuka volti 0 kwa sababu kuna amri, mkondo unapita, LED inawaka, draiva inaachia. Amri ikiisha, milisekunde 25 baadaye D8 inapanda volti 5, pande zote mbili za LED ni volti 5, mkondo hakuna, draiva inashika. Ndicho hasa ulichoeleza.

Njia ya haraka ni $4=1. Njia nyingine ni kugeuza nyaya: ENA− zote ziende GND, ENA+ zote ziende D8, $4 ibaki 0. Zote mbili zitafanya kazi mezani, lakini sishauri yoyote kati yake kwa draiva nne. Kila LED ya ENA inakula takriban mA 10 (mwongozo wa DM542 unatoa kati ya 7 na 16). Nne ni mA 40, na huo ndio mwisho kabisa wa pini ya ATmega328P. Mkondo wa kuifanyisha kazi kila siku ni mA 20. Pini ikilemewa, volti yake inapotoka mahali pake, na draiva moja inaweza kuachia wakati jirani yake bado imeshika. Kwenye Y yako yenye mota mbili, upande mmoja ukiachia na mwingine ukashika, gantri (daraja linalobebwa na mota hizo mbili) inakwenda mshazari.

Weka ULN2003 (chipu ya transista za kuvuta mkondo) katikati:

- D8 → mguu wa 1 wa ULN2003
- mguu wa 16 → ENA− zote nne
- mguu wa 8 → GND ya Arduino
- ENA+ zote → volti 5
- mguu wa 9 uache wazi, hapa hakuna koili

Sasa D8 ikipanda, ULN inavuta mkondo, LED zinawaka, draiva zinaachia. D8 ikishuka, draiva zinashika. Hiyo inakubaliana na $4=0, kwa hiyo usiguse mpangilio. Faida ya pili: Arduino ikiwa inaanza upya au unaipakia programu, D8 inaelea, ULN haivuti kitu, na mota zinabaki zimeshika. Kwa mashine yenye Z nzito hiyo ndiyo hali unayoitaka.

Hakiki kwa mita ya DC kati ya ENA+ na ENA− kwenye terminali za draiva yenyewe, siyo kwenye kibao cha Arduino. Draiva ikiwa imeachia utasoma karibu volti 4, maana ULN inabaki na takriban volti moja. Ikiwa imeshika utasoma karibu sifuri. Ukipata volti 1 au 2, kuna muunganisho mbovu au waya mwembamba kupita kiasi.

Jambo moja la muda. Miongozo ya DM542 inataka ENA itangulie DIR. Toleo la zamani linasema mikrosekunde 5, lakini baadhi ya draiva za ukoo huo zinataka milisekunde 200. Grbl haisubiri: inaposhusha D8 inaanza kutuma pulsi papo hapo. Kama draiva yako ni ya milisekunde 200 na $1=25, kila ikiamka inameza pulsi za mwanzo na kipande kinaharibika pole pole bila alamu yoyote. Soma mwongozo wa draiva uliyo nayo mkononi, jina la juu ya boksi halitoshi.

---

hatua_kamili

Ndugu optokapla amemaliza suala la nyaya. Niingie kwenye nafasi, kwa sababu $1=25 ingekuumiza hata ENA ikiwa sahihi.

Bolskrubu ya 1605 inasogeza 5 mm kwa mzunguko, mota ina hatua kamili 200, kwa hiyo hatua kamili moja ni 0.025 mm. Mzunguko mmoja wa umeme ndani ya mota ni hatua kamili nne, yaani 0.1 mm. Namba hiyo ya 0.1 ndiyo ya kushika.

Draiva ikiachia mota, rota haibaki kwenye mikrostepu iliyokuwapo. Inavutwa na sumaku zake hadi sehemu ya kutulia iliyo karibu. Draiva ikishika tena bila kuzimwa umeme, na jedwali lake la ndani (kumbukumbu ya mikrostepu iliyopo) halijasogea, rota inarudi mahali sawa kiumeme palipo karibu. Kama haikusukumwa zaidi ya 0.05 mm, inarudi palepale. Ikisukumwa zaidi ya hapo, inadaka mzunguko wa jirani na unapoteza 0.1 mm kamili, au 0.2, au 0.3. Ukiona makosa yanaruka kwa 0.1 mm kwenye skrubu ya 5 mm, jua mota iliachiwa ikasukumwa. Kwa mkanda wa GT2 na puli ya meno 20, mruko huo ni 0.8 mm.

Umeme ukikatika kwa draiva ni habari nyingine: jedwali linafutika. Draiva ikiwaka inaanza kwenye hali yake ya mwanzo, na rota inakimbilia hali hiyo iliyo karibu, ambayo inaweza kuwa mbali hadi hatua kamili mbili, yaani 0.05 mm mbele au nyuma. Ndiyo hiyo "chini ya 0.1 mm" yako. Hakuna mpangilio wa Grbl utakaoiondoa. Umeme ukirudi unafanya $H (amri ya kurudi nyumbani kwenye swichi), basi. Na swichi za nyumbani ziwe imara, maana ukirudi nyumbani kwa swichi yenye mchezo wa 0.2 mm utakuwa umeongeza kosa badala ya kulipunguza.

Chipu nazo hazifanani. A4988 ikiwa imezimwa kwa EN bado inahesabu pulsi zinazoingia STEP, jedwali linasogea wakati rota imelala. DRV8825 ikizimwa inapuuza STEP kabisa. Ukituma pulsi kwa draiva iliyozimwa, matokeo ya kuwasha tena yanategemea chipu.

Kwa hiyo weka $1=255. Hiyo inaiambia Grbl isiachie mota amri zikiisha. Fahamu kwamba baada ya kubadilisha $1, D8 haishuki hadi mwendo wa kwanza utumwe, kwa hiyo usishangae mota zikiwa legevu mwanzoni.

Joto la mota litatue kwenye draiva, siyo kwenye ENA. DM542 ina SW4: ikiwa OFF, mkondo wa kusimama unashuka hadi takriban nusu muda mfupi baada ya pulsi ya mwisho. Joto la koili linafuata mraba wa mkondo, kwa hiyo nusu ya mkondo ni robo ya joto. Mota ya stepa kuwa na nyuzi 60 au 70 kwenye ganda ni kawaida.

---

paneli_24V

Naongeza kwa hapo juu: $1=255 haikulindi kwenye alamu. Grbl ikipata alamu, kwa mfano swichi ya ukomo imegongwa na $21=1 (ulinzi wa swichi hizo umewashwa), inaachia mota hata kama $1 ni 255. Vivyo hivyo ukituma $SLP (amri ya kulala). Z yenye bolskrubu na spindo ya kilo kadhaa itateremka hapohapo, tena na kisu ndani ya mbao.

Grbl ya Uno ina pini moja tu ya kuzima kwa mihimili yote, huwezi kuitenga Z kwa programu. Itenge kwa waya: ENA ya Z iache bila kuunganishwa. X na Y zipite kwenye ULN2003. Z itashika muda wote ambao volti 36 zipo.

Sasa jambo ambalo hukuuliza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote hapa. Arduino yako inaishi kwa betri ya laptopu. Umeme wa ukutani ukikatika katikati ya kazi, draiva zinakufa, spindo inakufa, lakini Grbl haijui kitu. Inaendelea kusoma faili na kutuma pulsi hewani. Umeme ukirudi baada ya dakika mbili, draiva zinawaka na kuanza kufuata pulsi za mstari mwingine kabisa, mahali pasipo pake. Spindo pengine haijawaka, kwa sababu inverta (viendeshi vya spindo) nyingi husubiri amri mpya. Kisu kisichozunguka kinaburutwa kwenye mbao kwa mwendo wa kukata.

Fanya haya mawili.

Kwanza, pawa saplai ya volti 36 ipite kwenye kontakta inayojishikilia: kitufe cha kuwasha, kitufe cha kuzima, na kontakti saidizi inayoshikilia koili. Umeme ukikatika kontakta inaanguka, ukirudi haijiwashi. Swichi ya dharura, ya aina ya kontakti iliyofungwa, ikae kwa mfululizo kwenye mstari huohuo wa koili.

Pili, iambie Grbl. Chukua rilei ndogo yenye koili ya volti 230, koili yake iwe sambamba na pawa saplai ya mota baada ya kontakta. Kontakti yake iliyofungwa wakati koili haina umeme iunganishe A0 na GND. A0 kwenye Uno ni pini ya kusimamisha na kuanza upya. Umeme ukikatika, rilei inaachia, A0 inagusa GND, Grbl inasimamisha kila kitu na kutoa ALARM:3, maana yake mwendo umekatishwa na nafasi haiaminiki tena. Itagoma kusogea hadi ufanye $H au $X (kufuta alamu bila kurudi nyumbani). Fanya $H. Kapasita za pawa saplai huwa bado zina chaji kidogo rilei inapoachia, kwa hiyo mara nyingi Grbl inasimama kabla draiva hazijafa.

Waya wa A0 uwe wenye ngao au uliosokotwa, uwe mbali na kebo ya spindo, na uweke kapasita ya nanofaradi 100 kati ya A0 na GND karibu na Arduino. Bila hiyo, kelele za inverta zitaileta ALARM:3 katikati ya kazi nzuri.

---

ruta_ya_mbao

Asanteni sana wakuu. ULN2003 imewekwa, ENA za X na Y zinasoma volti 4.1 zikiachia na 0.02 zikishika, $4=0. Z haina ENA tena. Mwongozo wa draiva hizi unasema mikrosekunde 5. SW4 ilikuwa ON kwa zote, nimeweka OFF.

Rilei ya A0 nimeielewa. Swali: kwa nini nisikate nyaya kati ya draiva na mota kwa kontakta? Ingezima mota hata kama draiva imeharibika.

Na ile ya servo bado naisubiri. Draiva yake ni Panasonic MINAS A5, inapokea pulsi na mwelekeo.

---

paneli_24V

Usikate kati ya draiva na mota ikiwa na umeme. Koili za mota zina mkondo wa ampea kadhaa, na kontakti ikifunguka mkondo huo unatafuta njia kwa cheche. Volti inaruka juu na transista za kutoa za draiva zinakufa, mara nyingi kwa kukatika mara moja tu. Ndiyo sababu plagi ya mota iliyolegea ni muuaji mkubwa wa draiva za stepa. Kata upande wa kuingilia wa pawa saplai.

Ukikata AC, jua kwamba kapasita zinaendelea kulisha draiva kwa muda mfupi. Ukikata DC ya volti 36, inakuwa haraka zaidi, lakini kontakta iwe imeandikwa uwezo wake wa DC. Kontakti inayokata ampea 10 za AC vizuri inaweza kung'ang'ania cheche ya DC.

---

servo_na_breki

Naam, Z ya servo. Kwa stepa kontrola inatoa amri na kutumaini. Kwa servo kuna mazungumzo ya pande mbili, na makosa mengi yanatokana na kuunganisha upande mmoja tu.

Kwenye A5 utakuwa na ishara nne za kushughulikia. SRV-ON (mguu wa 29 wa plagi ya X4, ikirejea kwa COM+ mguu wa 7) ni kontrola kuomba mota ishikwe. S-RDY ni draiva kusema umeme mkuu upo na hakuna alamu. ALM ni draiva kusema mambo ni salama. BRK-OFF ni draiva kuamuru breki iachie.

Mpangilio wa kuwasha: umeme wa udhibiti kwenye L1C na L2C kwanza, draiva ijikague. Kisha kontakta ya umeme mkuu. S-RDY inakuja. Hapo ndipo kontrola inatoa SRV-ON. Draiva inapeleka mkondo kwenye mota, inashika mzigo, kisha inatoa BRK-OFF na breki inafunguka. Subiri milisekunde 100 au zaidi tangu SRV-ON kabla ya pulsi ya kwanza. Mtu anayebonyeza kwa mkono hawezi kuwahi kiasi hicho, lakini skripti inayowasha mashine na kutuma mwendo papo hapo itawahi, na pulsi hizo zinapotea.

Kwenye LinuxCNC, ukihesabu Z kuwa joint 2:

```
net z-enable  joint.2.amp-enable-out  =>  hm2_7i76e.0.stepgen.02.enable
net z-enable  =>  hm2_7i76e.0.7i76.0.0.output-02
net z-fault   hm2_7i76e.0.7i76.0.0.input-02-not  =>  joint.2.amp-fault-in
```

Mstari wa kwanza na wa pili unafanya pulsi na SRV-ON ziwake na kuzimika pamoja. Mstari wa tatu una "-not" kwa makusudi: ALM ya Panasonic inapitisha mkondo wakati wa uzima na inakata kwenye alamu. Waya ukikatika au draiva ikikosa umeme, LinuxCNC inaona hitilafu na kuzima mihimili yote.

Usiuache mstari wa tatu. Kwa pulsi na mwelekeo, LinuxCNC haioni mota. Inachoona kama nafasi halisi ni hesabu ya pulsi zake yenyewe. Draiva ikiingia alamu katikati ya kazi na ALM haijaunganishwa, X na Y zinaendelea kukata na Z imelala. Kikomo cha FERROR (tofauti inayoruhusiwa kati ya nafasi iliyoamriwa na nafasi halisi) hakitakusaidia hapo kwa sababu hesabu ya pulsi itaonyesha kila kitu ni sawa. Kwa sababu hiyohiyo, kila SRV-ON ikizimwa, irudishe Z nyumbani kabla ya kukata. Kupeleka ishara za enkoda (kipimo cha mzunguko wa mota) kutoka kwenye draiva hadi kontrola kungeondoa hilo, ila 7i76E ina mlango mmoja wa enkoda na kwa kawaida unatumika kwa spindo.

Breki sasa. Iache mikononi mwa draiva, usiipe kontrola. BRK-OFF haiwezi kuendesha koili ya breki moja kwa moja. Uwezo wake ni mA 50 tu. Iendeshe rilei, na rilei ikate volti 24 za breki kutoka kwenye pawa saplai yake ya peke yake, isiwe ileile ya sensa.

Kuzima ndiko Z inakoanguka. SRV-ON ikizimika, breki inapoteza umeme lakini haikabi papo hapo: uga wa sumaku wa koili lazima ufe kwanza, springi isukume sahani. Hiyo ni makumi ya milisekunde. Draiva ikikata mkondo wa mota wakati uleule, Z inateremka kwa muda huo, na utaona alama ya kisu kwenye mbao kila unapozima. Mpangilio wa Pr4.37 unaiambia draiva iendelee kushika kwa milisekunde kadhaa baada ya kuamuru breki ikabe. Chukua muda wa kukaba ulioandikwa kwa mota yako, ongeza muda wa rilei kuachia, ongeza kidogo juu yake. Yaskawa wana kitu hichohicho kwenye Pn506, ila kipimo chake ni milisekunde 10 kwa kila namba, kwa hiyo 10 ni milisekunde 100.

Angalia pia kinachokandamiza cheche kwenye koili ya breki. Daiodi ya kawaida inaufanya mkondo uzunguke ndani ya koili na breki inachelewa kukaba. Varista inaua mkondo haraka zaidi. Ukibadilisha moja kwa nyingine, pima upya na urekebishe Pr4.37.

Breki ya mota ni ya kushikilia mzigo uliosimama. Ukiifanya isimamishe mota inayozunguka kila siku, itaisha, na utaijua imeisha siku Z ikiteremka umeme ukiwa umezimwa. Kuzimika wakati mota bado inazunguka kunashughulikiwa na Pr4.38 pamoja na Pr5.06, zisome pamoja, usibadilishe moja bila nyingine.

---

neno_la_amri

Kwa atakayefika hapa akiwa na servo za EtherCAT (zinazoamriwa kwa mtandao): mantiki ni ileile, ila hakuna waya wa SRV-ON. Unaandika neno la amri 0x6040 na kusoma neno la hali 0x6041 kwa mujibu wa CiA 402 (kanuni ya pamoja ya kudhibiti draiva).

Andika 6, subiri hali ikichujwa kwa 0x6F itoe 0x21. Andika 7, subiri 0x23. Andika 15, subiri 0x27. Hapo mota imeshikwa. Kuruka moja kwa moja hadi 15 hakufanyi kitu kwenye draiva nyingi, na kuandika bila kusoma hali ndiko kunakozaa mashine "inayowaka siku nyingine na siku nyingine haiwaki". Hitilafu inafutwa kwa biti ya 7 kupanda kutoka 0 kwenda 1. Ukiiacha juu haitafuta hitilafu inayofuata.

Hatari kubwa iko kwenye hali ya CSP (kontrola inatuma nafasi lengwa kila mzunguko). Kabla ya kuandika 15, nakili nafasi halisi 0x6064 kwenye nafasi lengwa 0x607A, na uendelee kunakili kila mzunguko hadi upate 0x27. Usipofanya hivyo, lengo ni sifuri au namba ya jana, na mhimili unaruka kwa nguvu zote mara tu unaposhikwa.

Draiva za volti ±10 zina ugonjwa wa namna hiyo. PID (hesabu ya kusahihisha kosa la nafasi) ikiendelea kuhesabu wakati draiva imezimwa, sehemu ya kujumlisha inajaa, na ukiwasha mhimili unafyatuka. Kwenye LinuxCNC funga `pid.N.enable` kwenye ishara ileile ya amp-enable-out. Ikiwa chini, matokeo yanakuwa sifuri na jumla inafutwa.

---

ruta_ya_mbao

Wakuu nimenufaika mno. La mwisho: swichi ya dharura ya Z ya servo ikate SRV-ON au ikate nini?

---

paneli_24V

SRV-ON na ENA ni ishara za programu. Zinapita kwenye prosesa ya kontrola na prosesa ya draiva, na ikikwama mojawapo mota inaendelea. Usiweke mkono chini ya kisu kwa kutegemea ENA.

Kwa servo tumia STO (kukata nguvu ya mota kwa usalama), iliyoelezwa kwenye IEC 61800-5-2: njia mbili za umeme zinazozuia transista kupata amri ya kuwaka, bila kupitia programu. Zipitishe kwenye rilei ya usalama yenye njia mbili, na swichi ya dharura yenye kontakti mbili zilizofungwa. Si kila A5 ina STO, angalia herufi za modeli. Kama haina, rilei ya usalama ikate kontakta ya umeme mkuu, na umeme wa udhibiti ubaki ili draiva iweze kudhibiti breki na kusema alamu.

Kwa Z inayoning'inia, STO peke yake inauachia mzigo. Rilei hiyohiyo ya usalama ikate pia volti 24 za breki, kwa kontakti iliyo mfululizo na ile ya BRK-OFF. Ukitaka mhimili upunguze mwendo kwanza, tumia rilei ya usalama yenye kuchelewesha: inamwambia LinuxCNC asimamishe, na baada ya muda uliowekwa inakata STO na breki. Muda huo uupime kwa mwendo wa kasi zaidi wa Z ukiteremka na spindo yake, siyo ukipanda.

STO haiondoi umeme. Ndani ya draiva ya volti 230 kuna kapasita zenye takriban volti 325 za DC. Kabla ya kugusa terminali, zima umeme mkuu, subiri muda ulioandikwa kwenye ubavu wa draiva, kisha pima kwa mita.

Jaribio la kwanza lifanye mota ikiwa haijafungwa kwenye skrubu. Washa, zima, chomoa waya wa ALM, bonyeza dharura, kata umeme mkuu, na kila mara sikiliza breki inagonga lini. Ukishaifunga, weka kipande cha mbao ngumu chini ya spindo kabla ya kuwasha, na saa ya kupimia yenye mgawanyo wa 0.01 mm iguse ubavu wa chini wa Z. Zima SRV-ON, soma mshuko, ongeza Pr4.37 kidogo kidogo hadi sindano isisogee.